Jenereta Moja, Stima na Maji ya Moto: Mwongozo wa Kujenga Mtambo Mdogo wa Gesi Hotelini Malindi

Msimu wa wageni ukikaribia, maswali huwa yaleyale. Ninunue jenereta ya ukubwa gani? Joto la ekzosi linavunwaje? Na je, naweza kuongeza tabaini ya mvuke kama mitambo mikubwa?

Hili la mwisho tulimalize kwanza. Rabai, kaunti hii hii ya Kilifi, kuna mtambo wa megawati 90: injini kubwa tano za mafuta mazito, na moshi wake unachemsha maji yanayozungusha tabaini ya mvuke. Kinyerezi II, Dar es Salaam, wenye megawati 240, hufanya kazi kama hiyo kwa gesi asilia. Ni mitambo ya watu wenye zamu za usiku na mchana. Injini ya kilowati 20 ina joto la kilowati 12 hivi la kuvuna kwenye ekzosi. Ukiligeuza mvuke utapata stima ya kilowati moja, labda mbili, pamoja na boila la kulinda kama mtoto mchanga. Achana nayo. Hotelini joto lina kazi tayari: bafu, jiko na dobi. Mtambo unaoelezwa hapa ni wa stima na maji ya moto kwa pamoja. Kwa kuwa gesi asilia ya bomba haijafika Malindi, unatumia LPG, gesi ileile ya mitungi ya jikoni.

Fanya hesabu kabla ya kununua chochote

Injini ya kilowati 20 ikibeba mzigo wake wote hula gesi kilo 5.6 hivi kwa saa. Ndani ya saa hiyo inakupa uniti 20 za stima na joto la uniti 32 au 33 kwenye maji. Linganisha na unavyolipa sasa:

- Kama unapasha maji kwa stima, kila kilo ya gesi inachukua nafasi ya uniti 9 hivi za Kenya Power.
- Kama una boila la gesi, mtambo unakuondolea kilo 2.9 hivi za gesi ya boila kila saa. Zile uniti 20 za stima basi zinakugharimu kilo 2.7 za ziada, yaani uniti 7 na nusu kwa kila kilo.

Chukua bei ya gesi uliyopewa kwa jumla, si ya dukani, ongeza oili, plagi na mshahara wa fundi, kisha uone. Hesabu ikikataa, usijenge. Na kama paa lako halina hata paneli moja ya kupasha maji kwa jua, anza na hiyo. Jua la Malindi halina bili, na mtambo huu hauwezi kushindana nalo mchana.

Vitu vya kuwa navyo

- Jenereta ya gesi ya kilowati 20 (25 kVA) iliyotengenezwa au kurekebishwa kwa LPG. Hakikisha kilowati zilizoandikwa ni za LPG na za hewa ya joto la digrii 35. Kilowati za gesi asilia huenda zisilingane na za LPG.
- Kibadilisha joto cha ekzosi (kifaa kinachohamisha joto la moshi kwenda kwenye maji) cha kilowati 12 hadi 15, chuma kisichoshika kutu.
- Kibadilisha joto cha mabamba (kinachohamisha joto la maji ya injini kwenda maji ya wageni) cha kilowati 35, cha kufunguka kwa boliti. Vile vilivyochomelewa vyote ni rahisi, lakini chokaa kikiziba umekwisha.
- Pampu mbili: moja ya lita 40 kwa dakika upande wa injini, nyingine ya lita 15 kwa dakika upande wa tangi, yenye kurekebishika.
- Valvu ya njia tatu inayojiendesha kwa joto, na rejeta yenye feni yake.
- Matangi mawili ya lita 1,500, marefu na membamba, yenye blanketi la kuzuia joto.
- Tangi la upanuzi, valvu za usalama, vipimajoto sita, geji za presha.
- Mitungi 12 ya kilo 50, maunganisho yake, regyuleta ya hatua mbili ya kupunguza presha, valvu ya gesi inayojifunga yenyewe stima ikikatika, na kinusa gesi.
- Chenjiova ya ncha nne (swichi ya kuchagua kati ya Kenya Power na jenereta), breka, na paneli iliyozibwa vizuri dhidi ya chumvi.
- Fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na muuzaji gesi mwenye leseni vilevile.

Kwa matumizi yako mwenyewe chini ya megawati 1, Sheria ya Nishati ya 2019 haidai leseni ya kuzalisha. Hilo halikuondolei NEMA, mamlaka ya mazingira, wala kaunti: nenda ofisini kwao na mchoro mkononi kabla ya kumwaga zege.

Hatua

1. Pima maji ya moto, si stima. Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anajumlisha AC na friza zote, anapata kilowati 80, ananunua jenereta ya kilowati 80. Nusu ya siku joto halina pa kwenda, rejeta inalitupa hewani, na mtambo unabaki jenereta ghali tu.

Kanuni ni hii: lita zidisha digrii unazopandisha, gawa kwa 860, unapata uniti. Hoteli yenye wageni 80, kila mmoja lita 60, na dobi lita 1,200, ni lita 6,000 kwa siku. Maji ya bomba Pwani huingia kama digrii 28, nawe unataka 60; ni digrii 32. 6,000 × 32 ÷ 860 = 223. Ongeza sehemu moja ya kumi ya joto linalopotea njiani, unafika uniti 245. Gawa kwa 32 ambazo injini inatoa kwa saa ikibeba mzigo wote: saa 8 kasoro kidogo. Basi injini ya kilowati 20 ikiendeshwa kwa muda wa saa nne kuanzia alfajiri na saa nne nyingine jioni, wakati wageni wanaoga na jiko linawaka, inatosha; mzigo ukiwa mdogo kuliko huo, muda urefushwe kidogo. Rudia hesabu kwa wageni wa mwezi wa Mei pia. Kama mwezi huo unabaki na wageni 15, kubali kwamba mtambo utafanya kazi saa chache, usinunue injini kubwa zaidi kwa ajili ya wageni wa Desemba.

2. Chagua mahali. Chumba kiwe upande wa bara wa kiwanja. Kusi na kaskazi zote hubeba chumvi kutoka baharini, na chumvi hula waya za alteneta kabla hujamaliza kulipa mkopo. Madirisha ya kuingiza hewa yatazame bara, bomba la moshi litokee kona nyingine ili injini isinuse moshi wake yenyewe.

Sasa makuti. Usipitishe bomba la ekzosi chini wala kando ya paa la makuti. Acha angalau mita 10, weka kizuia cheche mdomoni mwa bomba, na paa la chumba chenyewe liwe zege au bati. Kama kiwanja hakina nafasi hiyo, mradi huu hauna nafasi.

Injini na alteneta humwaga kilowati 7 hivi za joto chumbani, mbali na lile unalovuna. Kulitoa bila chumba kuzidi nje kwa digrii 8 unahitaji feni ya mita za ujazo 0.75 kwa sekunde.

3. Jenga mahali pa gesi. LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni na kutafuta shimo. Kwa hiyo mitungi ikae nje, kwenye kizimba chenye kivuli na hewa, wima, mbali na mifereji, visima na mashimo ya maji machafu. Ndani ya chumba cha injini usichimbe mtaro. Toboa matundu ya hewa usawa wa sakafu, na kinusa gesi kifungwe sentimita 20 hadi 30 kutoka chini, si darini kama watu wanavyozoea kufunga king'ora cha moshi.

Mtungi mmoja wa kilo 50 hauwezi kutoa kilo 5.6 kwa saa. Gesi inapogeuka kutoka maji kuwa hewa hunyonya joto, mtungi unapoa, presha inashuka. Hesabu kilo moja kwa saa kwa kila mtungi ukiwa unatumia saa nyingi mfululizo. Hivyo sita zifanye kazi pamoja, sita zisubiri, na valvu ya kubadilishia katikati. Sita hizo ni mwendo wa siku sita au saba.

4. Kaza injini juu ya zege. Msingi uwe na uzito usiopungua mara mbili ya seti nzima, usishikane na sakafu ya chumba, na mipira ya kuzuia mtikisiko iwekwe chini ya fremu. Kila bomba linalotoka kwenye injini lianze na kipande kinachonyumbulika: gesi, maji, ekzosi. Bila hicho, weldi zitapasuka moja baada ya nyingine nawe utamlaumu welda.

5. Funga mzunguko wa injini. Mpangilio ndio huu, na usiugeuze: maji yanatoka kwenye injini yakiwa digrii 84, yanapita kwenye kibadilisha joto cha ekzosi yanapanda hadi 88, yanaingia kwenye mabamba na kuacha joto kwa maji ya wageni, yanarudi kwenye injini yakiwa 76. Kwa pampu ya lita 40 kwa dakika, namba hizo hukaa zenyewe.

Kwa nini maji ya wageni yasipite moja kwa moja kwenye ekzosi? Kwa sababu maji yetu ya visima yamepita kwenye mawe ya matumbawe na yamejaa chokaa. Yakigusa chuma chenye moto huo, chokaa kinaganda na bomba linaziba. Mzunguko wa injini unajazwa mara moja, maji yaliyosafishwa yenye dawa ya rejeta, na hauna chokaa cha kuongezeka.

Valvu ya njia tatu ikae baada ya mabamba: maji yakirudi yakiwa moto zaidi ya 78, yanageuzwa kupita kwenye rejeta. Tangi likijaa, ni rejeta inayookoa injini. Ifunge hata kama mwuzaji atakwambia haihitajiki. Na maji yasirudi chini ya digrii 70, kwani injini baridi hutengeneza unyevu ndani ya oili na oili inageuka uji.

Tangi la upanuzi likae juu kuliko vyote. Weka kitoa hewa kila mahali bomba linapopanda na kushuka tena.

6. Funga ekzosi. Moshi unaingia kwenye kibadilisha joto ukiwa digrii 500 na ushei, utoke ukiwa 150 hivi. Chuma kisichoshika kutu hurefuka karibu milimita 8 kwa kila mita kikipata joto hilo, kwa hiyo tumia kiungo cha mikunjo na ning'iniza bomba kwa springi, usilibane ukutani. Lifunike lote kwa rokiwuli, ile pamba ya mawe ya kuzuia joto. Sehemu ya chini kabisa weka bomba dogo la kutolea maji, kwa sababu kila asubuhi injini inapowaka ikiwa baridi mvuke wa moshi hupoa na kuwa maji, nayo yasirudi kwenye silinda.

Weka pia njia ya pembeni yenye valvu, ili moshi uweze kuruka kibadilisha joto siku kikiharibika. Wengi huiacha kwa kubana matumizi, kisha hoteli nzima inakaa gizani kwa ajili ya tundu la milimita moja.

Presha ya kurudi, yaani ile inayozuia moshi kutoka kwenye injini, pimeni wenyewe. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, upinde kama herufi U, weka maji yenye rangi kidogo, upande mmoja uunge kwenye tundu la ekzosi kabla ya kibadilisha joto kupitia kijibomba cha shaba kirefu kiasi cha kupoza moshi. Tofauti ya sentimita 10 za maji ni kilopaskali 1. Kitabu cha injini kitataja kikomo; kikisema kilopaskali 5, maji yasipishane zaidi ya sentimita 50 injini ikiwa na mzigo wote. Andika namba ya siku ya kwanza ukutani kwa rangi.

7. Funga upande wa matangi. Maji baridi yatoke chini ya tangi, yapite polepole kwenye mabamba, yarudi juu yakiwa digrii 60. Lita 15 kwa dakika ndizo zinazopandisha kutoka 28 hadi 60 kwa mpito mmoja. Ukifungua pampu zaidi, maji yote ya tangi yanavurugika na kuwa vuguvugu, na mgeni wa kwanza alfajiri analalamika.

Hifadhi isipungue digrii 60, kwani bakteria wa Legionella hupenda maji ya uvuguvugu. Lakini digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, basi weka valvu ya kuchanganya kabla ya mabafu.

Peleka sampuli ya maji maabara kabla ya kuagiza mabamba. Kama kisima chako ni cha maji ya chumvichumvi, kloraidi ikizidi miligramu 200 hivi kwa lita, hata chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 kitatoboka kwa joto hilo. Tumia maji ya mji upande huo, au lipia mabamba ya titani.

8. Unga stima. Usijaribu kuunganisha mtambo na laini ya Kenya Power zifanye kazi pamoja. Hiyo ni kazi nyingine yenye idhini nyingine. Gawa saketi: friza, jiko, pampu, taa na AC kadhaa zipite kwenye chenjiova. Chenjiova iwe ya kukatana kwa chuma, kiasi kwamba pande mbili haziwezi kushikana hata mtu akilazimisha. Stima ikirudi kwenye nguzo, inamuua fundi aliyepanda akijua laini imezimwa.

Injini ya gesi haipendi mzigo wa ghafla kama ya dizeli. Weka taima ili AC na friza ziwake moja moja, kila mara isizidi robo ya uwezo, na mzigo wa kawaida uwe kati ya kilowati 14 na 18. Ukiiendesha kwa kilowati 5, stima ni kidogo, joto ni kidogo, na gesi bado inaliwa.

9. Jaribu kabla ya kukabidhi. Mabomba ya maji yajazwe na kusukumwa hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, yakae saa mbili bila geji kushuka. Maungo yote ya gesi yapakwe povu la sabuni. Kiberiti si kipimo. Suuza mabomba mpaka maji yatoke bila uchafu wa weldi, kisha jaza na utoe hewa.

Washa na robo ya mzigo nusu saa, nusu mzigo saa moja, kisha robo tatu. Andika joto la vipimajoto vyote sita kila dakika 15. Zima, acha ipoe kabisa, halafu kaza tena kila flenji ya ekzosi. Zitakuwa zimelegea.

Mambo yakienda kombo

*Maji ya moto hayafiki 60, injini iko sawa.* Punguza kwanza kasi ya pampu ya upande wa tangi. Kama haisaidii, tazama joto la maji ya injini yanapoingia na kutoka kwenye mabamba: tofauti ikiwa ndogo kuliko siku ya kwanza, chokaa kimeziba. Fungua, loweka mabamba kwenye maji ya asidi ya limau, usikwangue kwa brashi ya chuma.

*Injini inachemka tangi likiwa bado baridi.* Hewa imenaswa kwenye kona ya juu, au pampu imekufa. Shika bomba kabla na baada ya pampu kwa kitambaa; upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, maji hayatembei.

*Injini inachemka tangi likiwa limejaa.* Valvu ya njia tatu imekwama au feni ya rejeta haiwaki.

*Mitungi inatoa jasho, kisha barafu, na injini inakohoa.* Inayofanya kazi ni michache. Ongeza. Usimwagie mtungi maji ya moto wala kuukaribisha kwenye ekzosi.

*Hezi (masafa ya stima) zinashuka kila AC ikiwaka.* Mzigo unaingia kwa mkupuo. Rekebisha taima kabla hujagusa gavana, kidhibiti cha kasi ya injini.

*Maji kwenye mpira wa U yanapishana zaidi ya ile namba ya ukutani.* Masizi yameziba kibadilisha joto cha ekzosi, au mchanganyiko wa gesi ni mzito kupita kiasi. Safisha kwa brashi ya nailoni, lakini fundi arekebishe mchanganyiko, la sivyo utasafisha kila mwezi.

*Tangi la upanuzi linapungua, na nje hakuna tone.* Hili ndilo la kuogopa. Kibadilisha joto cha ekzosi kimetoboka ndani, maji yanaingia upande wa moshi. Mara nyingi utaona moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto. Zima mara moja. Maji hayo yakifika kwenye silinda injini ikiwa imelala, starta ikivutwa tu fito la pistoni linapinda. Toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono, funga upande wa maji wa kibadilisha joto na uunge bomba la kupeleka maji ya injini moja kwa moja kwenye mabamba, utoe maji yaliyobaki ndani yake, kisha upitishe moshi kwenye njia ya pembeni hadi kipya kifike kutoka Mombasa.

*Harufu ya gesi chumbani.* Usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa. Funga valvu ya kizimbani, fungua milango, toa watu, subiri. Kinusa gesi kama hakikulia, kibadilishe kabla ya kuwasha tena.

Kwa saa 8 kwa siku unapita saa 2,900 kwa mwaka, kwa hiyo ratiba ya oili na plagi ifuate mita ya saa, si kalenda. Kitabu cha injini kitakwambia saa 250 au 500; kwa hewa ya chumvi chukua ile ndogo, na chujio la hewa likaguliwe kila Jumatatu wakati wa kusi.